Chuma cha Vitumbua Kisiwani

Kitanda kilikuwa kimoja. Naanzia hapo kwa sababu watu wakisikia nimelala siku mbili na asubuhi ya tatu kwenye hoteli ya kisiwani, ile yenye maegesho ya boti za matajiri, wanataka niwasimulie bahari. Bahari naijua. Nimegombania samaki wake pale Feri tangu nina meno yote. Kitanda ndicho sikukijua.

Tuliingia chumbani mimi na mke mwenzangu. Mashuka meupe, maua mekundu yamemwagwa juu yake, na taulo mbili zimekunjwa zikawa ndege wawili wamegusana midomo. Msichana wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni na kadi ya kufungulia.

"Karibuni sana bibi zangu. Hiki ndicho chumba chetu cha fungate."

"Nani kaolewa?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo, akaangalia simu yake. "Aliyelipia ameandika watu wawili, kitanda kimoja kikubwa. Au mabwana wanakuja na boti ya jioni?"

"Bwana ni mmoja," mwenzangu akasema. "Na haji."

"Oh, amepata udhuru?"

"Amekufa," nikasema mimi. "Mwaka wa sita huu. Sisi ni wake zake."

Binti wa watu akaziba mdomo kwa kiganja. Akatuangalia mmoja mmoja, halafu akaangalia kitanda, halafu maua, mpaka nikamwonea huruma. Akasema anaweza kututafutia chumba cha vitanda viwili, kipo upande wa nyuma, jirani na jenereta.

"Nyuma siendi," nikamwambia. "Nimekaa nyuma vya kutosha. Acha hivi hivi."

Alipoondoka tukabaki tunakitazama kile kitanda kama watu wanaotazama ng'ombe wa kununua. Maana yake ni hii: miaka arobaini kasoro tumekaa nyumba moja, na hatujawahi kulala kitanda kimoja. Tulikuwa na zamu. Siku mbili zangu, siku mbili zake. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, chumba changu kulia, chake kushoto, na marehemu alikuwa akivuka ukumbi na mto wake kwapani. Hakusahau hata siku moja, na kama angesahau angekumbushwa. Mimi nilikuwa nahesabu, na yeye mwenzangu alikuwa anahesabu, na kila mmoja alijua kuwa mwenziwe anahesabu.

Mwenzangu akachukua mto mmoja mrefu, akaulaza katikati ya kitanda kutoka juu mpaka chini.

"Marehemu alale hapo," akasema. "Leo hatahama."

Tulicheka mpaka nikakaa chini sakafuni nikishika kiuno. Naliandika hili mwanzo ili lijulikane kwamba tulicheka, kwa sababu kesho yake hatukucheka.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Haya nayaandika kwa mkono wangu, kwenye daftari la mistari, na atakayeona herufi zimepinda azinyooshe mwenyewe. Na jingine nilitaje mapema ili lisitafutwe: sikuzaa. Nimemaliza.

Mwaka wa tisa wa ndoa yangu mume wangu, fundi wa reli, aliniambia anaoa. Sikulia. Nilimwambia aoe, ila ajue matofali ya nyumba ile yametoka kwenye vitumbua vyangu. Lake yeye ni bati. Akitaka kuleta mke amlete chini ya bati lake, matofali yangu asiyaguse. Akamleta. Msichana wa miaka kumi na tisa, katokea Rufiji, kasanduku kadogo ka bati mkononi, macho chini. Mwezi mzima sikumsemesha. Aliniamkia kila asubuhi nami nikaitikia, maana salamu ni ya Mungu, lakini zaidi ya hapo hakupata neno.

Kilichotukutanisha ni chuma cha vitumbua. Chuma kile nilikitengenezesha mtaa wa Gerezani kabla yeye hajaja, kwa mhunzi mmoja aliyefua vyuma chakavu vya reli. Matundu saba, mazito, mkono wake mrefu kama wa jembe. Hakuna mwenye chuma kama kile Kariakoo yote, na anayebisha alete chake tupime kwa mizani. Mchele naujua: wa kuloweka, wa kusaga, tui la kwanza, iliki, hamira ya kiasi, unafunika unaacha uumuke. Ila moto sikuujua. Vitumbua vyangu vilikuwa vitamu na vyeusi. Watu walivila wakifumba macho.

Asubuhi moja yule msichana wa Rufiji akasimama kwenye mlango wa jiko la uani. Aliniangalia nikivigandua kwa kijiti, nikilaani. Akasema maneno mawili.

"Dada, moto."

"Kama unaujua, njoo," nikamjibu.

Akaja. Akatoa kuni mbili, akasogeza majivu, akasubiri, halafu akamimina. Vikatoka vya rangi ya kahawia, vimevimba kama mashavu ya mtoto. Tangu siku ile hakuondoka jikoni. Mchele wangu, moto wake. Mafundi wa Gerezani wamekula vitumbua vyetu wakazeeka, watoto wao wakarithi vibanda vya spea na wao wanakula. Ghorofa zimeota kuzunguka nyumba yetu, jua sasa tunaliona saa sita tu linapopita juu ya ua, na sisi bado tunapika chini yake. Yeye ananiita Bi Mkubwa, mimi namwita Bi Mdogo, na ni bibi wa watu yule, nywele zote nyeupe.

Alimzaa mtoto mmoja wa kiume. Mimi ni Mama Mkubwa wake. Nilimpeleka shule, nikamchapa, nikamlipia, na alipotahiriwa nilikaa nje ya chumba cha daktari kwa sababu mama yake alikuwa amezimia. Sasa yuko Dodoma, kazi ya ofisini. Yeye ndiye aliyetupeleka kisiwani. Alipiga simu, akasema, "Mama zangu, mmepika tangu sijazaliwa. Nendeni na nyinyi mkapikiwe."

Nilifurahi. Nakiri. Nilipita kwa majirani nikawaambia, na asiyeuliza nilimwambia vilevile.

Siku ya safari, pale gatini, mtu wa boti alipolinyanyua sanduku la mwenzangu lilimrudisha chini.

"Bibi, humu umeweka nanga?"

"Dawa," mwenzangu akajibu. "Mimi mgonjwa wa miguu."

Nilisikia na sikujali. Nilikuwa najishughulisha na buibui langu, upepo unalipeperusha mbele ya Wazungu.

Asubuhi ya kwanza kule tuliamka saa kumi alfajiri, kwa sababu mwili haujui fungate. Tukaswali. Tukatandika kitanda. Mwenzangu akapata ufagio kwenye kabati la nje, tukafagia. Mhudumu wa usafi alipokuja akasimama mlangoni akashika kiuno.

"Bibi zangu, mnaniharibia kazi. Msimamizi akipita akaona hamna cha kutoa, atasema sijaingia humu."

Mwenzangu akayaokota yale maua mekundu kwenye pipa, akayamwaga tena kitandani na mengine sakafuni. "Haya, ingia," akamwambia. "Pachafu."

Baada ya chai tukatembea kwenda kwenye yale maegesho ya boti. Wao wanapaita marina. Ni njia ya mbao juu ya maji, na boti nyeupe zimefungwa huku na huku kama ng'ombe kwenye zizi, kubwa, zinang'aa, nyingine zina vyumba vya kulala ndani. Askari wa pale, mzee mwenzetu, alituamkia tukaamkiana. Nikamuuliza hizi zinaenda wapi.

"Haziendi, mama. Ile ya mwisho kule haijang'oka tangu mimi niajiriwe. Mwenyewe anakuja na wageni, wanakaa humo ndani, wanakunywa, wanaondoka."

"Chombo kisichosafiri ni kabati," nikasema.

Askari akacheka. Mwenzangu hakucheka, na yeye ni mtu wa kucheka hata msibani. Alikuwa ameshika kamba ya pembeni, anaangalia maji.

"Bi Mkubwa," akasema, "eti Dodoma baridi yake ikoje?"

"Nitajuaje mimi? Nimekwenda Dodoma?"

"Wanasema mwezi wa sita inachoma."

"Basi muulize mwanao."

Akarudi kuangalia maji. Ningekuwa na akili ningeelewa palepale. Lakini nilikuwa namwangalia mwanamke mmoja wa Kizungu anampaka mume wake mafuta mgongoni, nikifikiri jinsi watu walivyo na muda.

Mchana mwenzangu akashuka ufukweni kulowesha miguu. Mimi goti lilikuwa linauma. Nikajua ile dawa yake ya kuchua iko kwenye sanduku, nikalifungua. Sisi hatuombani ruhusa kwenye masanduku, hilo tulishalivuka zamani. Juu kulikuwa na khanga. Chini ya khanga kulikuwa na sweta zito la kijivu, jipya, karatasi ya bei bado inaning'inia. Chini ya sweta kulikuwa na kofia mbili ndogo za kufuma, za mtoto mchanga. Na chini kabisa, kimezungushiwa kitenge mara tatu, kulikuwa na chuma.

Chuma changu. Matundu saba.

Mtu hapeleki chuma cha vitumbua hotelini. Hata mwendawazimu hapeleki. Mtu anabeba chuma cha vitumbua anapohama.

Nikakaa kwenye kile kitanda nacho mapajani, kizito, kimepoa. Kila kitu kikajipanga chenyewe. Mkwe wake kajifungua Dodoma, wiki ya tatu ile. Mtoto wake atatufuata kisiwani asubuhi ya kuondoka, ndivyo alivyosema kwenye simu, "nitakuja kuwachukua." Kumbe kuwachukua ni kumchukua. Mimi ningepandishwa boti ya Dar, naye angepelekwa Dodoma, na mimi ningeingia kwenye nyumba ya vyumba sita peke yangu na mkufu wa funguo. Walinipeleka penye maua na taulo za ndege ili niwe laini kwanza. Kama pweza, anapigwapigwa kabla ya kupikwa.

Nikautoa ule mto mrefu katikati ya kitanda. Mahali pake nikaweka chuma.

Mwenzangu akaingia na miguu ya mchanga, anaimba kwa pua. Akakiona. Akaacha kuimba.

"Dawa ya miguu," nikasema. "Ndiyo hii?"

Akakaa kwenye kiti cha mlangoni. Muda mrefu akawa anafuta mchanga kidole kwa kidole.

"Mtoto kaniomba, Bi Mkubwa."

"Kakuomba wewe. Na chuma kimeombwa?"

"Nilifikiri nitawapikia kule."

"Kwa mchele wa nani?"

"Mchele upo kila mahali."

"Ahaa. Leo mchele upo kila mahali."

"Na chuma ni changu pia," akasema, sauti imepanda. "Nani kakishika zaidi? Tazama mikono. Tazama hapa, na hapa. Wewe una alama gani?"

"Kimefuliwa Gerezani, wewe ukiwa Rufiji unacheza kombolela."

"Nilikuwa mkubwa!"

"Ulikuwa na kamasi."

Tukagombana juu ya chuma mpaka adhuhuri ikatoka. Kila mmoja wetu alijua hatugombani juu ya chuma. Lakini lile jingine hakuna aliyelitia mdomoni, yeye kwa hofu, mimi kwa kiburi. Sijawahi kumwomba mtu kitu. Nilipofiwa na mume nilipokea rambirambi nimesimama. Nilipovunjika mkono kwenye ngazi ya kushukia shimoni, chini ya soko, miaka ile, nilienda hospitali kwa miguu nimeushika kama mtoto. Sasa niombe nini, na kwa nani, kwa msichana wa kasanduku?

"Nenda," nikamwambia. "Mwana ni wako. Chuma kinabaki."

Jioni tulikula meza mbili. Mhudumu wa chakula alihangaika sana, mara aweke sahani kwangu, mara kwake, akaja akanong'ona, "Bibi, niwaunganishie meza?"

"Ziache."

"Yule bibi pale anauliza kama umekunywa dawa ya presha."

"Mwambie nimekunywa."

Akaenda, akarudi. "Anasema haamini."

Nikatoa kidonge, nikakinyanyua juu mwenzangu akione kutoka kwenye meza yake, nikameza. Wageni wa meza ya jirani wakafikiri ni namna fulani ya kusherehekea, wakanyanyua glasi zao.

Kabla sijaenda kulala nikaingia jikoni. Palikuwa na maandishi mlangoni na mpishi mkuu, mwanamume mnene mwenye kofia ndefu, akaja mbio.

"Mama, shikamoo. Wageni hawaruhusiwi huku."

"Marahaba. Nimeyaona maandishi. Mchele unao?"

"Upo, lakini..."

"Vikombe vitano, loweka sasa hivi. Nazi tatu. Asubuhi nakuja. Na iliki uitwange wewe, usinipe ya kwenye kopo."

Sijui kwa nini alikubali. Labda alikuwa na mama. Mimi nilikuwa na jambo moja tu kichwani: kuonyesha. Nilitaka mwenzangu aamke akute vitumbua mezani, vya rangi nzuri, nimevipika mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, ajue kwamba mimi simtegemei mtu. Aende na sweta lake. Tulilala kila mtu ukingoni kwake, chuma katikati. Nadhani hakuna fungate lililowahi kuwa na kitu kigumu namna ile kitandani.

Alfajiri nikakichukua nikaondoka. Mchele ukasagwa kwenye mashine yao, dakika mbili, laini. Tui, sukari, hamira. Nikaufunika, nikaswali palepale kando ya magunia, nikausubiri. Uliumuka vizuri mpaka mpishi akaingiza kidole akasema, "Mama, hii ni kitu." Jua likatoka. Nikapaka mafuta matundu saba, nikakiweka chuma juu ya jiko lao la gesi, moto wa buluu unanguruma, nikamimina.

Awamu ya kwanza ikaungua nje, ndani maji. Nikaigandua nikatupa. Awamu ya pili ikashika, nikavunja vyote saba. Mpishi akasogea.

"Mama, nikusaidie?"

"Sogea huko."

Awamu ya tatu moshi ukapanda, kitu kikaanza kulia darini, piii, piii, na vijana wa jikoni wakawa wanapunga taulo. Macho yananitoka machozi ya moshi. Nasema ya moshi. Ndipo nikasikia nyuma yangu:

"Dada, moto."

Hakuwa ameniita dada tangu asubuhi ile ya jiko la uani. Sikugeuka.

"Nauona."

"Punguza."

"Huu hauna kuni, unapunguzwaje?"

Mkono wake ukapita pembeni yangu, ukazungusha kirungu cha gesi. Moto ukalala. Akasimama hapo, bega kwa bega, hakunipokonya kijiti. Tukatazama mafuta yakitulia kwenye matundu. Mimi nikaongea na chuma, maana usoni kwake nisingeweza.

"Usiende," nikasema.

"Umesemaje?"

"Umesikia."

"Sijasikia. Kile kitu cha darini kinalia."

"Nimesema usiende! Nyumba ina vyumba sita. Siwezi kukaa vyote."

Kile kitu kikanyamaza palepale, kwa hiyo jikoni nzima ilinisikia. Nikasema na wasikie. Mwenzangu akachukua upindo wa khanga akanifuta uso kwa nguvu, kama anafuta sufuria.

"Miaka yote hii," akasema, "hujawahi kuniomba hata chumvi."

"Chumvi nilikuwa nayo."

Akacheka, na huku analia. Akamimina yeye. Vikaanza kuvimba.

"Nataka kumwona mjukuu wangu, Bi Mkubwa. Hilo usinikataze."

"Sikukatazi."

"Na nataka kurudi. Wao hawajaniuliza kama nataka kurudi. Na mimi nikaogopa kusema."

"Basi iwe zamu."

"Zamu gani?"

"Unajua zamu nyingine? Ya kawaida. Marehemu alihama na mto kila siku mbili. Wewe huwezi kuhama na sanduku kila miezi miwili?"

"Marehemu alikuwa anavuka ukumbi. Dodoma mbali."

"Kuna treni ya umeme. Unakaa, unafika. Nimeambiwa hata chai inaletwa."

Akavigeuza vyote saba, kimoja kimoja, vikatokea upande wa kahawia. Mpishi akasema "Mashallah," na yeye alikuwa na msalaba shingoni.

Mtoto wetu alifika na boti ya saa tatu. Tulimkuta amesimama pale kwenye njia ya mbao, miwani ya jua, shati la maua, funguo za gari zinaning'inia kidoleni. Mwanamume mzuri, sijui uzuri kautoa wapi, baba yake alikuwa na sura ya kawaida.

"Shikamoo Mama Mkubwa. Shikamoo mama. Mmepumzika?"

"Marahaba," nikasema. "Kula kwanza." Nikampa sahani. Akala vitatu amesimama, mafuta yakamtiririkia kwenye saa. Nikamwacha ameze.

"Mama yako anaenda Dodoma," nikamwambia.

Akashusha pumzi. "Mama Mkubwa, tulitaka kukuambia wenyewe, taratibu..."

"Miezi miwili. Halafu anarudi miezi miwili. Halafu anakwenda tena. Ni zamu."

Akavua miwani. "Lakini tulipanga akae moja kwa moja. Amechoka, umri umekwenda, apumzike kwa mwanawe."

"Na mimi ni kijana?"

"Wewe tutakuletea binti wa kukaa na wewe."

"Anajua moto?"

"Moto gani, Mama Mkubwa? Utanunuliwa jiko la gesi."

Sisi wawili, mimi na mwenzangu, tukaangaliana.

"Mama," akasema sasa kwa sauti ya ofisini, "mambo ya zamu yalikuwa ya baba."

"Baba yako aliacha vitu vitatu," nikamjibu. "Bati, wewe, na zamu. Bati limeota kutu. Sasa chagua wewe unataka kuwa nini."

Yule askari mzee akajifanya anafunga kamba ambayo ilikuwa imefungwa tayari. Mtoto akamgeukia mama yake, kama alivyokuwa akifanya zamani nikimnyima ruhusa ya kwenda mpirani. Na zamani mama yake alikuwa akiinama. Siku ile hakuinama.

"Mwanangu," akasema, "mimi ni mke wa zamu tangu nina miaka kumi na tisa. Sijui kukaa mahali moja kwa moja. Ukinifunga kule nitakufa kwa kutohesabu siku." Akamwonyesha zile boti nyeupe. "Mimi sio hizi."

Mtoto alikuwa na kitumbua cha nne mkononi. Akakila.

"Na tikiti?" akauliza baadaye, amelegea.

"Za kwenda na kurudi," nikasema. "Zote mbili umkatie leo, niione ya kurudi kwenye simu yako kabla hamjapanda."

Alizikata hapo hapo, kidole kinapapasa kioo. Nikavaa miwani nikaisoma ya kurudi herufi kwa herufi. Darasa la tatu linatosha kusoma neno Dar es Salaam.

Mwenzangu akafungua sanduku palepale kwenye mbao. Akavaa sweta lile la kijivu juani, ili nafasi ipatikane ya vitumbua vya safari. Nikamng'olea ile karatasi ya bei. Chuma akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Usikisugue kwa sabuni," akasema.

"Nilikuwa nacho kabla yako."

"Ndiyo maana nakuambia."

Boti yao ikatoka mapema, wawahi treni ya Dodoma; yangu ilikuwa imekatiwa ya mchana. Sikupunga mkono, sipungi mimi. Nilisimama mpaka doa la kijivu likapotea, halafu nikarudi kwenye kile chumba, nikatandika kitanda, nikamwaga maua sakafuni kwa ajili ya yule mhudumu. Mchana nikapanda boti yangu. Gatini Kivukoni kijana wa ukaguzi akapekua kikapu.

"Bibi, hiki nini?"

"Fungate," nikamwambia, nikapita.

Nipo hapa nyumbani sasa. Chumba cha kushoto nakifungua kila asubuhi hewa iingie, na jioni nakifunga. Huyo binti wa kunisaidia nilimrudisha siku aliyoletwa, na nauli yake. Mwezi wa kwanza umekwisha, wa pili umeingia. Kila Ijumaa mwenzangu ananipigia, tunaonana kwenye simu, ananionyesha mtoto, mnene, kofia kichwani. Halafu ananiambia nisogeze simu jikoni aone moto, na mimi namwambia mtandao mbaya, nakata.

Maana moto bado siujui. Jana fundi mmoja wa spea kutoka Gerezani, mteja tangu enzi za baba yake, alikishika kitumbua akakigeuza upande huu na upande ule.

"Bibi, samahani. Leo unauza vitumbua au mkaa?"

"Ni zamu yangu," nikamwambia. "Kula, au subiri wiki tatu."

Akafumba macho, akala. Akanunua na vinne vya kupeleka gereji.